Kurusha puto lenye kamera mpaka anga inakuwa nyeusi: kupanda ni rahisi, kazi ipo kwenye kuliokota

Kisimbuzi (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Ile video ya puto imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Mnaijua, boksi linaning'inia kwenye kamba, nyumba zinakuwa vidoti, mawingu yanabaki chini kabisa, mara anga inageuka nyeusi tii na jua linawaka hapo hapo, halafu puto paaa! linapasuka boksi linaanza kujizungusha hovyo. Na kila ikirudi ubishi ni ule ule, huyu anasema ni NASA, huyu anasema ni editing, mwingine anasema bila mamilioni huwezi. Leo nashusha uzi kamili tumalizane, maana hili jambo nimelifuatilia muda mrefu na naona watu wanabishania sehemu isiyo na shida wanaiacha yenye shida.

Naanza na vijana wa MIT, kile chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, maana wao ndio walioua kisingizio cha hela. Tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 2009 wanafunzi wawili, Justin Lee na Oliver Yeh, walienda Sturbridge, mji mdogo wa Massachusetts kule Marekani, wakarusha puto ambalo gharama yake yote ilikuwa dola 148. Sio laki na arobaini na nane, ni mia moja arobaini na nane. Kamera ilikuwa Canon A470, kile kidude cha kawaida kabisa kilichokuwa kinauzwa kila duka enzi zile, wakakiwekea programu ya bure inaitwa CHDK ili kijipige picha chenyewe kila baada ya sekunde 5. Kufuatilia wakatumia simu ya Motorola i290 ya kuweka vocha, ina GPS ndani. Vyote hivyo vikaingia kwenye kideli cheupe chepesi cha kutunzia vinywaji vya baridi, pembeni wakasokomeza vile vipakiti wanavyoweka wazungu mfukoni kupasha mikono joto kipindi cha baridi. Juu puto la hali ya hewa lenye heliamu, basi. Hawakuchoma hata saketi moja.

Likapanda, wao wenyewe walikadiria kilomita 28 hivi, likapasuka, likashuka Worcester, kama kilomita 30 kutoka walipolirushia. Picha zilizotoka ndo zile unaziona dunia imepinda kidogo na ka mstari ka bluu juu yake halafu giza.

Sasa hapa ndo watu wanaparuka. Ile simu juu kule haikuwa na msaada wowote. Antena za minara zinaangalia chini kwa binadamu, ukipanda kilomita chache tu mtandao unakata, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari hakuna aliyejua puto liko wapi. Hata huo urefu ndo maana walikadiria tu. Kilichowaokoa ni kwamba lilipotua, lilitua kwenye mtandao, simu ikapumua ikatuma location wakawasha gari wakaenda kuchukua mali yao.

Linganisha na vijana wengine waliorushia puto lao Arizona, huko huko Marekani, mwaka 2013. Hao walikuwa na vifaa vizuri kuliko wa MIT, kamera ya GoPro na simu ya maana, wakarusha karibu na Grand Canyon, puto likapanda fresh na kupiga video kali sana. Likashuka jangwani sehemu haina mtandao. Wakasubiri meseji ya location, kimya. Wakatafuta wakachoka. Miaka miwili mbele kuna mwanamama yuko kwenye matembezi yake akakutana na kiboksi porini, na kwa bahati anafanya kazi kampuni ya simu, akachukua ile laini akaenda kuangalia ni ya nani. Video ikatoka 2015. Kazi ilishafanyika muda mrefu, ila ililala chini ya jua miaka miwili kwa sababu ya mnara wa simu.

Kwa hiyo msimamo wangu wakuu ni huu, kupandisha puto ni kazi ya asubuhi moja. Fikra na hela nyingi peleka kwenye kuliokota.

Chapakazi

Nimevuta kiti. Mkuu shusha basi hesabu ya gesi, puto linatakiwa kubwa kiasi gani?

Kisimbuzi

Haya twende. Haya maputo ni ya mpira lateksi, yanauzwa kwa uzito wake, kuna gramu 600, 1000, 1200, 1500 na kuendelea. Kadiri mpira ulivyo mzito ndivyo unavyovutika zaidi kabla ya kupasuka. Sio yale ya birthday aisee, na hilo la hali ya hewa lenyewe likiguswa kwa mikono yenye mafuta au likiburuzwa kwenye nyasi ndo umelitengenezea kidonda, litapasuka mapema. Vaa glavu laini, tandika shuka safi chini.

Mita moja ya ujazo ya heliamu inanyanyua karibu kilo 1. Tuseme puto gramu 1200, boksi na parachuti na kamba kilo 1, jumla kilo 2.2. Ukijaza mita za ujazo 2.2 litaelea tu linakuangalia, unatakiwa uongeze kama kilo 1 nyingine ya kunyanyua ili lipande kama mita 5 kwa sekunde. Kwa hiyo ni mita za ujazo 3 na ushee. Mtu akikuambia kadiria kwa macho mkatalie, funga kwenye mdomo wa puto ile mizani ya ndoano ya kupimia mabegi, uone linavuta kilo ngapi, hapo ndo unafunga gesi.

Ukiwa chini puto lina upana kama mita 2 hivi na limenywea, watu wakipita wanacheka. Juu hewa inapungua, kwenye kilomita 30 presha inabaki kama asilimia 1 ya huku chini, gesi inatanuka puto linafika mita 8. Hapo mpira unasalimu amri.

Kuna kishawishi cha kujaza gesi nyingi lipande haraka. Ukifanya hivyo linafikia ukomo wa kutanuka mapema, unaishia kilomita 25. Ila kosa baya zaidi ni la upande wa pili, gesi kidogo, linapanda taratibu halafu linagoma kupasuka, linaelea tu huko na upepo masaa na masaa. Hilo ukiona limefanya hivyo andika maumivu, litashuka nchi ya watu.

Mita 5 kwa sekunde ni kama dakika 100 kufika kilomita 30. Kushuka ni haraka zaidi, tena mwanzoni parachuti ipo wazi lakini haina hewa ya kushika, boksi linaporomoka karibu kilomita 150 kwa saa, likifika huku kwenye hewa nzito linatulia mpaka mita 5 kwa sekunde. Ndo maana kwenye video kipande cha baada ya kupasuka huwa kinatapisha.

Ngalawa Kavu

Haidrojeni je? Heliamu bongo bei yake sio ya nchi hii

Kisimbuzi

Haidrojeni inanyanyua zaidi kidogo, kilo 1.1 kwa mita ya ujazo, na ni rahisi kuipata. Vituo vingi vya hali ya hewa duniani vinaitumia. Ila wale wana banda maalum, hakuna nguo za nailoni, hakuna simu, hakuna sigara. Cheche ndogo ya umeme wa nguo inatosha. Kama unaenda kurusha na wanafunzi wa sekondari wamekuzunguka na simu zao juu, jichange ununue heliamu.

Tambarare Daima

Zile video zote lenzi ya jicho la samaki. Dunia hapo haijapinda, lenzi ndo imepinda. Amkeni

Kisimbuzi

Mkuu kwenye lenzi una nusu ya ukweli na nakupa maua yako. GoPro inapinda kweli, tena angalia boksi likiyumba, upeo wa macho ukipita juu ya picha unapinda hivi, ukipita chini unapinda kinyume kabisa dunia inageuka bakuli. Anayeposti zile picha kama ushahidi wa mpindo anajidhalilisha. Kwenye kilomita 30 mpindo wa kweli ni mdogo, unaonekana ukitumia lenzi ya kawaida na upeo ukapita katikati ya picha.

Ila sasa twende kwenye hesabu. Dunia ya mviringo yenye nusu kipenyo kilomita 6,371, mtu akiwa kilomita 30 juu anatakiwa aone upeo umbali wa kilomita 618 hivi. Rusha juu ya Dodoma. Kilimanjaro iko kama kilomita 390, imo. Bahari upande wa Dar imo. Kusini mwa Ziwa Victoria pale Mwanza pako kama kilomita 500 na ushee, pamo. Kama siku haina vumbi na mawingu, kamera moja ikijizungusha inachukua bahari, mlima na ziwa kwenye dakika moja. Kwa kweli hiyo picha ya Dodoma naitamani kuliko zote za Massachusetts. Na ingekuwa tambarare tungeona mpaka Kinshasa, leta kamera tukaangalie wote.

Halafu kitu kimoja, huko sio anga za juu zenyewe. Mpaka unaotumika sana ni kilomita 100, puto halifiki hata nusu. Hata Felix Baumgartner, yule aliyeruka na parachuti kutoka kwenye puto tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2012 kule New Mexico alikuwa kama kilomita 39, na watu wakaita kuruka toka angani. Anga inakuwa nyeusi kwa sababu hewa iliyobaki juu yako ni chache mno kutawanya mwanga, sio kwa sababu umetoka duniani.

Msela wa Ngong Road

Poa sana hii story. Kuna kitu mnasahau wasee, hapa Kenya tulikuwa na maputo juu ya vichwa zetu mwaka 2020. Loon, ile kampuni ya familia ya Google, ilishirikiana na Telkom Kenya wakaweka maputo kama 35 yakiwa kilomita 20 juu, yakatoa intaneti ya 4G sehemu za kati na magharibi. Yalirushwa kutoka Marekani na Puerto Rico yakaja na upepo tu, yakitaka kugeuka yanapanda ama yanashuka kutafuta upepo unaoenda upande yanataka. Mwezi wa kwanza 2021 wakatangaza kufunga biashara. Lakini hayo yalikuwa plastiki ya kukaa miezi, si hii lateksi ya masaa mawili.

Na pale Dagoretti Corner watu wa hali ya hewa wanarusha maputo ya vipimo tangu kitambo. Hakuna maajabu, ni kazi ya kila siku ya mtu.

Kisimbuzi

Asante ndugu yangu wa Ngong Road, hapo kwenye upepo umenifungulia njia ya kusema jambo.

Kule Massachusetts na Toronto kuna mkondo wa upepo mkali kwenye kilomita 10 mpaka 12, unalizoa puto unalipeleka mashariki. Wale madogo wawili wa Toronto waliomrusha mwanasesere wa Lego na bendera ya Kanada mwezi wa kwanza 2012, walifika kilomita 24 tu, lakini likashuka zaidi ya kilomita 100 kutoka walipokuwa. Huku kwetu karibu na ikweta ule mkondo kwa kawaida hauna nguvu hivyo, puto lina uwezekano wa kushuka karibu. Juu zaidi, kwenye stratosfia, lile tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, upepo wa ikweta una tabia ya ajabu, unavuma kutoka mashariki halafu unageuka unatoka magharibi, mzunguko mzima kama miezi 28. Kwa hiyo ukikuta mtu alirusha mwaka juzi likaenda magharibi usifikiri na wewe litaenda huko.

Huhitaji kubashiri lakini. Kuna tovuti ya SondeHub ina kikokotoo cha bure, unaingiza mahali, saa, mwendo wa kupanda, urefu wa kupasukia na mwendo wa kushuka, inachukua utabiri wa upepo inakuchorea njia nzima mpaka linapotua. Fanya hivyo kila siku wiki nzima kabla. Ukiona mstari unaishia Ruaha au kwenye maji, unaahirisha, hata kama umeshakodi gari na wanafunzi wameshavaa fulana. Siku ya kurusha haichaguliwi na mgeni rasmi.

Halafu baridi. Watu wanadhani ikweta ni joto mpaka juu. Tabaka la chini la hewa huku ni nene, linafika kilomita 16 au 17, na pale juu yake joto linashuka mpaka karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Massachusetts huwa inaishia 55 au 60. Yaani puto la Singida linapita kwenye baridi kuliko la Wamarekani! Betri za kawaida za alkali zinakufa humo, tumia zile AA za lithiamu zisizochajiwa, zimeandikwa kabisa zinafanya kazi mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, na ndani ya boksi hapafiki huko kwa sababu kamera yenyewe inatoa joto. Vile vipakiti vya joto vya wale wa MIT mimi siviamini. Vinatoa joto kwa chuma kushika kutu, na kutu inataka oksijeni, sasa kwenye asilimia 1 ya hewa kinashika kutu na nini? Bora uongeze unene wa boksi.

Binti Solda

Nimefanya vitu vya redio kidogo naomba nichangie. Mleta uzi kasema peleka hela kwenye kuokota lakini hajasema kwa vipi.

Simu peke yake usiitegemee, weka kama ya akiba. Unataka kitu kinachorusha location kwa redio muda wote likiwa juu. Moduli ya LoRa, kiredio kidogo cha kutuma data mbali, ya 433 megahezi, nguvu miliwati 10, ndogo mno, ila kwa sababu hakuna mlima wala nyumba katikati inasikika mamia ya kilomita. Waingereza wamefanya hivyo miaka mingi kwa sababu leseni zao za redio za ridhaa hazikuruhusu kurusha mawimbi kutoka hewani, wakatumia masafa ya wazi yasiyohitaji leseni. Wewe gari lina antena, laptop mapajani kwa mwenzako, unalifuata kabla halijashuka. Likifika chini mawimbi yanazibwa na miti unabaki na kilomita chache tu za kusikia, kwa hiyo location ya mwisho likiwa hewani ndo ya dhahabu, hakikisha muda huo uko karibu.

Na GPS jamani! Chipu nyingi zinazima zikipita kilomita 18, ni sheria ya zamani ya kuzuia watu wasitengeneze makombora. Unanunua moduli nzuri, chini inafanya kazi vizuri kabisa, ikifika kilomita 18 inanyamaza. Za u-blox zina hali ya kuruka inayofika kilomita 50, lakini usipoituma kwa programu haijiwashi. Hicho ndo kitu cha kwanza nauliza mtu akiniambia anataka kurusha, na wengi wanabaki wananiangalia.

Antena ining'inie chini ya boksi ikiwa wima, isilazwe.

Chapakazi

Dada hapo kwenye kilomita 18 nimesimama nikapiga makofi. Sasa swali la kijinga, ndege zikigonga hilo dude?

Binti Solda

Sio la kijinga hata kidogo. Mwezi wa 10 mwaka 2025 ndege ya United, 737 MAX, ikiwa futi 36,000 juu ya Utah kioo cha rubani kilipasuka, ikabidi itue Salt Lake City. Kampuni moja ya maputo ya hali ya hewa, WindBorne, ikajitokeza yenyewe ikasema inadhani puto lao ndilo lililogonga. Lilikuwa na uzito wa kama kilo 1 na kidogo. Ndege ilitua salama ila muelewe kilo moja sio kitu kidogo ndege ikiwa kwenye mwendo.

Kisimbuzi

Ndo maana mambo ya kibali hayaepukiki. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinaweka puto lenye mzigo chini ya kilo 4 kwenye kundi jepesi, lakini jepesi haimaanishi ruksa jirushie. Huku Tanzania andikia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mapema, wape mahali, saa, na ule mchoro wa njia, wao ndo wanajua ndege zipo wapi na wanatoa taarifa kwa marubani. Masafa ya redio waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kenya, usafiri wa anga ni KCAA. Mtu asikudanganye kwamba ukienda porini hakuna atakayejua, puto likiwa kilomita 11 liko barabara kuu ya ndege hata kama chini kuna mbuzi watupu. Na dunia ya sasa kitu kinachoelea kinaogopesha watu, mnakumbuka mwezi wa 2 mwaka 2023 Wamarekani walivyokuwa wanatungua vitu kwa kombora, kuna klabu ya wapenda maputo ya Illinois kaputo kao kadogo kalipotea siku hizo hizo pembeni ya Alaska kakielekea Yukon kule Kanada, ambako kitu kimoja kilitunguliwa. Hakuna aliyethibitisha ndo kenyewe, lakini wenyewe wakabaki wanahesabu tarehe.

Kwa maeneo, mimi nikiangalia ramani naona Dodoma na Singida, pana wazi, mbali na bahari, barabara za lami zinaenda pande nyingi. Dar sahau, uwanja wa ndege na bahari vyote viko mlangoni.

Ngalawa Kavu

Mimi wasiwasi wangu ni likishuka kijijini kwa watu. Kiboksi cheupe kimetoka mbinguni kina waya na taa inawaka nyekundu. Nani atakigusa? Kitachomwa moto hicho saa hiyo hiyo

Kisimbuzi

Hahaha, na ndo jambo la maana kuliko moduli zote. Kwanza usiweke taa nyekundu kabisa, na waya zote ziwe ndani. Nje andika kwa herufi kubwa pande zote, kwa kalamu isiyofutika na juu yake pitisha selotepu: KAMERA YA WANAFUNZI, HAINA MADHARA, PIGA NAMBA HII UPEWE ZAWADI. Namba mbili, za mitandao tofauti. Bandika na picha ya puto ili asiyesoma aelewe. Ukishaona mstari wa njia unapita kata gani, piga simu kwa watendaji wa vijiji vya huko siku moja kabla, waambie kesho kuna kitu hivi na hivi kinaweza kudondoka.

Chapakazi

Zawadi iandikwe shilingi ngapi?

Ngalawa Kavu

Usiandike kiasi. Ukiandika laki wanakificha wapandishe dau, ukiandika elfu tano watoto wanabaki na parachuti wanatengeneza mwamvuli

Binti Solda

Parachuti waachieni tu watoto, memori kadi ndo tunaitaka 😂